Maboga Kumi na Manane

Kila asubuhi kabla basi la shule halijafika, Rayna alikuwa na kazi tatu. Aliingiza kuni ndani, akampa mbwa wao Biskuti chakula, kisha akamsomea Bibi Bernadine karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Bibi alijua kusoma vizuri sana, lakini miwani yake ilikuwa na tabia ya kupotea hadi saa mbili asubuhi.

"Haya, soma," alisema Bibi siku hiyo ya Jumatatu, huku akikoroga uji wa shayiri.

"Mjomba Leroy, viazi vya kuponda na samaki wa moshi," alisoma Rayna. "Mama Mdogo Yvette, rojo la beri nyekundu na maganda ya chungwa."

"Mwambie safari hii asitie pilipili. Mwaka jana Mzee Wendell alikohoa mpaka meno yakamtoka."

"Bibi, meno ya Mzee Wendell ni ya bandia."

"Ndiyo maana yakatoka. Endelea."

Rayna alishusha sauti kidogo. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa kalamu nyekundu. "Rayna, mchele wa ziwani ndani ya maboga."

Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuwamo kwenye karatasi ile. Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na watu kumi na saba wangekusanyika nyumbani kwa Bibi. Bata mzinga aliokwa vilevile kila mwaka, na Bibi alisema ndege huyo hana jipya. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria yake: kila chakula kinachokaa pembeni ya bata mzinga sharti kiwe na jambo ambalo halijawahi kuonekana mezani. Watu walianza kubishana kuhusu vyakula hivyo tangu mwezi wa Agosti. Rayna, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa amebuni maboga madogo kumi na manane, kila mtu na lake na moja la sahani ya kupelekwa nje, kila moja na kifuniko chake. Ndani yake angetia mchele wa ziwani, uyoga, beri zilizokaushwa na utomvu mtamu wa miti.

Lakini kilichowafanya watu wausubiri mchele huo si maboga. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, Marekani, sisi Waojibwe, wenyeji wa asili, huvuna mchele unaoota wenyewe majini. Mtoto anapovuna kwa mara ya kwanza, mchele wake hauli yeye kwanza. Huwapa wazee. Na kabla hata wazee hawajaonja, sahani moja hupelekwa nje kwa ajili ya waliotangulia. Mwaka huu sahani hiyo ilikuwa ya Babu Eugene, aliyefariki mwezi wa Aprili. Rayna ndiye aliyekaa mahali pa Babu katika mtumbwi wakati wa mavuno.

"Umeuangalia mchele wako?" aliuliza Bibi.

"Nitauangalia nikirudi shule, Bibi."

Mavuno yalikuwa mwezi wa Septemba. Mjomba Leroy alisimama nyuma ya mtumbwi akiusukuma kwa upondo, na Rayna alikaa mbele na vijiti viwili vyepesi vya mwerezi. Kwa kijiti kimoja aliinamisha mabua juu ya mtumbwi, kwa kingine akayagonga, na punje zikamwagika miguuni mwake.

"Usigonge kama unaua nyoka," Mjomba alimwambia. "Unauamsha tu. Ule usiotaka kuamka, uache uanguke majini uwe wa mwakani."

Baada ya siku tatu mgongo ulimuuma na shingo ilimwasha, lakini moyo wake ulikuwa juu. Kisha ikaja kazi ya kukaanga mchele katika karai kubwa la chuma, bila mafuta, juu ya moto wa kuni, ili unyevu wote utoke. Mjomba alimpa mwiko mrefu kama kasia.

"Koroga bila kusimama. Halafu chukua punje uing'ate. Ikikatika kwa mlio, tayari. Ikibonyea, bado. Usiniulize mimi. Uliulize jino lako."

Mjomba alikwenda kumsaidia jirani kubeba mbao. Rayna alikoroga mpaka mikono ikachoka. Jua lilikuwa linashuka, na timu yake ya mpira wa wavu ilikuwa inaanza mazoezi. Binamu yake Jolie, binti wa Mama Mdogo Yvette, alikuwa amesimama barabarani akipiga kelele, "Rayna! Kocha atatukimbiza kuzunguka uwanja wote!"

Rayna alichukua punje akaing'ata. Ikabonyea. Alitazama barabarani, akatazama karai, kisha akaupakua mchele.

"Umeng'ata?" Mjomba alimuuliza aliporudi.

"Nimeng'ata."

"Ikakatika?"

"Ikakatika."

 Siku iliyofuata, walipokuwa wakiukanyaga mchele ili kutoa maganda, Mjomba alinung'unika, "Mbona maganda ya leo ni mabishi hivi?" lakini akapepeta, akautia katika ndoo ya plastiki, akafunga mfuniko na kuandika jina la Rayna juu yake. Nusu nyingine ya mavuno ya Rayna ilibaki bila kukaangwa. Jirani alikuwa anasubiri kuliazima karai, kwa hiyo mchele huo mbichi ulianikwa ukakauka, ukafungwa katika gunia na kuwekwa bandani hadi siku nyingine. Siku hiyo nyingine ilikuwa bado haijafika.

Jumatatu ile, aliporudi shule, Rayna alishuka kwenye chumba cha chini, akaivuta ndoo na kufungua mfuniko.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Ilikuwa harufu ya soksi iliyosahauliwa ndani ya kiatu chenye maji. Juu ya mchele kulikuwa na utando wa kijivu wenye madoa ya kijani. Aliingiza mkono akitumaini kwamba chini hali ilikuwa nzuri. Chini kulikuwa na uvuguvugu, na punje zilishikana kama udongo.

Alikaa sakafuni. Aliiona ile punje iliyobonyea chini ya jino lake kana kwamba ilikuwa bado mdomoni.

"Rayna!" Bibi aliita kutoka juu. "Uko salama mchele?"

Kinywa chake kilijibu kabla akili haijafika. "Uko salama, Bibi!"

"Basi mimi sitagusa kitu. Sufuria hiyo ni yako. Hata mfuniko sitauinua."

Rayna alifunga ndoo. Alikumbuka lile gunia bandani. Lakini kukaanga kunataka moto, moto una moshi, na moshi ungemleta Mjomba Leroy na maswali yake. Mjomba alikuwa na msemo wake mmoja alioupenda: asiyeaminika kwenye moto haketi kwenye mtumbwi. Mahali pa Babu ndani ya mtumbwi pangepewa mtu mwingine. 

Giza lilipoanza kuingia alibeba ndoo hadi nyuma ya banda, akamwaga mchele wote na kuufunika kwa theluji.

Siku ya Jumanne alimweleza Jolie ndani ya basi, kwa kunong'ona. Jolie alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuona jambo lolote kuwa gumu.

"Kwani unalia nini? Pale dukani njia panda kuna mchele wa ziwani kwenye mifuko. Una mpaka picha ya mtumbwi."

"Huo haukutoka ziwani, Jolie. Unalimwa mashambani kwa mashine."

"Mchele ni mchele. Ukishauficha ndani ya boga na uyoga na vikorokoro vyako vyote, nani ataujua?"

"Bibi."

"Bibi hata miwani yake haioni!"

Wakacheka, lakini kicheko cha Rayna kilikatika katikati. Baada ya shule wakashuka njia panda, na Rayna akarudi nyumbani na mifuko minne chini ya vitabu. Aliimimina katika ile ndoo aliyoiosha mara tatu. Punje zilikuwa nyeusi na zinang'aa kama shanga. Mchele wake ulikuwa na rangi ya majani makavu, na ulinuka moshi. Huu haukunuka chochote.

Jumatano Bibi alimsaidia kutoboa maboga. Walikaa pamoja mezani, Bibi akikata vifuniko, Rayna akikwangua mbegu kwa kijiko.

"Babu yako angelipenda jambo hili," alisema Bibi. "Alikuwa akisema mimi napika vizuri lakini sina mbwembwe. Kesho nitampelekea boga lenye kifuniko kizuri kuliko yote. Chagua wewe."

Rayna aliinama zaidi juu ya boga lake. "Lolote tu, Bibi."

"Lolote? Mtu wa kuchagua boga la Babu yake anasema lolote? Unaumwa?"

"Hapana. Usingizi tu."

Dirishani walimwona Mjomba Leroy akifika na mzigo wa kuni. Nyuma yake, karibu na banda, Biskuti alikuwa anafukua theluji kwa miguu yote miwili ya mbele, mkia juu.

"We Biskuti!" Mjomba aliita. "Umezika nini huko, dhahabu?"

Rayna aliruka kutoka kitini, akatoka mbio bila koti, akamshika mbwa ukosi na kumburuta. "Ni panya, Mjomba! Panya aliyekufa!"

"Basi mwache ale. Kesho hatumpi bata mzinga."

"Atatapika!"

Mjomba alimtazama kwa muda, kuni zikiwa bado mikononi. "Ingia ndani, mwanangu. Midomo imekuwa ya bluu." Akaenda zake. Rayna alirundika theluji zaidi juu ya pale mahali. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Tangu Jumatatu alikuwa hajala chakula akakimaliza.

Alhamisi ilifika na jua jeupe la baridi. Nyumba ilijaa harufu na watu. Mama yake Rayna, aliyekuwa na zamu zahanatini tangu alfajiri, alirudi saa tano akambusu kichwani na kumwambia, "Leo ni siku yako." Rayna alitamani asingesema.

Bibi alikuwa amemwelekeza tangu zamani kwamba mchele wa ziwani huiva kwa dakika ishirini, na punje hufunguka kama ua. Rayna aliweka sufuria jikoni na kusimama mbele yake ili mtu asione. Baada ya dakika ishirini aliinua mfuniko. Punje zilikuwa nyeusi, zimefumba. Aling'ata moja. Ilikuwa ngumu kama kokoto.

Akaongeza dakika kumi. Bado.

"Rayna, maboga yaingie sasa!" alisema Mama Mdogo Yvette, akifungua oveni. "Nafasi ndiyo hii, viazi vya Leroy vinafuata."

"Nipe dakika chache, Mama Mdogo."

"Dakika zenyewe hatuna. Mzee Wendell keshafunga kitambaa shingoni."

Hakukuwa na la kufanya. Rayna alichanganya ule mchele mgumu na uyoga na beri, akaushindilia ndani ya maboga na kufunika. Alijiambia kwamba joto la oveni litamaliza kazi. Jolie alipita akambana ubavuni kwa kiwiko na kunong'ona, "Unaona? Mambo safi." 

Saa saba watu kumi na saba walikaa kuzunguka meza mbili zilizounganishwa. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na boga dogo la rangi ya machungwa, linang'aa, na mvuke ulitoka pembeni mwa kifuniko chake. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja alisema mwaka huu samaki wa Leroy amepata mpinzani. Rayna alikaza macho yake kwenye kitambaa cha meza.

Mjomba Leroy alisimama, na chumba kikatulia.

"Tunashukuru kwa mwaka mwingine," alisema. "Tunashukuru kwa ziwa, ambalo linatulisha hata tusipostahili. Mwaka huu mahali pa baba palikuwa wazi kwenye mtumbwi. Nilidhani nitakuwa mtu wa huzuni kila nikitazama mbele. Lakini nilimwona mtoto huyu akigonga mchele kwa siku tatu bila kulalamika, nikasikia kwamba mtumbwi haukupungua mtu. Huu ni mchele wake wa kwanza. Mama, mpelekee baba."

Bibi alijifunga shali. Alichukua lile boga lenye kifuniko kizuri kuliko yote, akaliweka kwenye sahani ya Babu yenye ukingo wa bluu, akaelekea mlangoni. Hatua zake zilikuwa ndogo, kwa sababu ya goti. Rayna alizihesabu bila kutaka. Mkono wa Bibi ulipogusa kitasa, kitu ndani ya Rayna kilishindwa kuvumilia.

"Bibi, usimpelekee!"

Watu wote waligeuka.

"Si mchele wangu." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni wa dukani. Wangu uliota ukungu. Nimeumwaga nyuma ya banda."

Bibi alibaki pale pale, sahani mkononi. "Ulioza lini?"

"Niliuona Jumatatu. Nikakwambia uko salama."

"Na kwa nini ukaota ukungu?"

Rayna alimtazama Mjomba Leroy. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko mahali pote. "Kwa sababu nilipong'ata punje ilibonyea. Nilikuwa nawahi mazoezi. Nikakudanganya, Mjomba."

"Na mimi nilikuwepo dukani," alisema Jolie ghafla, akiwa amesimama, uso umemwiva. "Mimi ndiye niliyesema mchele ni mchele."

 Kisha ikasikika sauti ya Mzee Wendell kutoka mwisho wa meza. Mzee huyo, rafiki wa miaka mingi wa Babu, alikuwa ameinua kifuniko chake kabla ya wakati na kuiba kijiko kimoja.

"Kumbe!" alisema, akitoa kitu mdomoni na kukiweka kwenye kitambaa. "Mimi nilidhani nimevunja meno. Nimekaa hapa najiuliza nitamwambiaje mwenye nyumba."

Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza. Mjomba Leroy hakucheka. Alivuta koti lake kwenye msumari, akatoka nje, na mlango ukafungwa nyuma yake.

 Amekwenda, aliwaza Rayna. Hatanichukua tena ziwani.

Bibi aliirudisha sahani mezani, polepole. Ndipo kutoka nje ikasikika sauti ya shoka. Moja. Mbili. Tatu. Mlango ukafunguka, na Mjomba akachungulia huku pumzi yake ikitoka kama moshi.

"Karai nimeliweka," alisema. "Gunia lako lililobaki liko bandani, limekauka, nimelinusa. Jua linatua saa kumi na nusu, na baba hakuwahi kula gizani. Unakuja, au nikukoroge wewe?"

"Na chakula je?" aliuliza Mama Mdogo Yvette.

"Bata mzinga hana jipya," alisema Bibi. "Mrudisheni kwenye oveni."

Basi nyumba nzima ikahamia uani. Wengine walijifunika mablanketi, wengine walitoka na vikombe vya kahawa, na kila mmoja alikuwa na maneno ya kumwambia mwenzake kuhusu njaa yake. Rayna alishika mwiko. Moto ulimchoma uso na baridi ikamuuma mgongo. Alikoroga. Mchele ulipiga chuma kwa sauti nzito kwanza, kisha nyepesi, na ile harufu aliyokuwa ameikosa ikaanza kupanda, harufu ya moshi na ya ziwa.

Mzee Wendell aliletewa kiti karibu na karai. "Mimi siwezi kung'ata," alisema. "Wewe ng'ata. Mimi nitasikiliza."

Rayna alichukua punje akaing'ata. Mzee aliinamisha kichwa. "Sikusikia kitu."

"Bado," alisema Rayna.

Alikoroga tena. Mabega yaliwaka. Mama yake alitaka kumpokea mwiko, naye akatikisa kichwa. Aling'ata punje ya pili. Ilikatika nusu, nusu ikabonyea. Mzee Wendell alimngoja aseme mwenyewe. Watu kumi na watano wenye njaa walikuwa wanamtazama.

"Bado," alisema.

"Nani kamfundisha mtoto huyu ukatili?" alilalamika mtu nyuma, na safari hii watu walicheka kweli.

Punje ya tatu ilikatika kwa mlio mdogo, mkavu. Mzee Wendell aliinua kidole. "Hiyo nimeisikia hata mimi, na nina masikio ya mwaka wa arobaini na tano."

Jolie alivaa viatu safi vya ngozi, akaingia katika shimo dogo lililozungushiwa mbao na kuukanyaga mchele akicheza, kama anavyofanya wakati wa mazoezi anapotaka kumchekesha kocha. Safari hii maganda hayakubisha. Mama Mdogo Yvette alipepeta kwa ungo wa gome la mti, na makapi yakaruka juu ya theluji. Ndani, Bibi alikuwa ameshayatoa yote yaliyokuwa ndani ya maboga na kuyaweka katika sufuria kubwa, yachemke polepole.

"Unayatupa, Bibi?" aliuliza Rayna.

"Nitupe chakula? Itakuwa supu ya kesho. Mchele huo ukichemka saa nzima utalainika kama mwingine wowote."

Mchele wa Rayna uliiva kwa dakika ishirini. Alipoinua mfuniko, punje zilikuwa zimefunguka na kujikunja, rangi ya majani makavu. Haukuwa mwingi. Kila boga lilipata vijiko vitatu tu. Jua lilikuwa juu kidogo ya miti Bibi alipompa ile sahani yenye ukingo wa bluu.

"Ibebe wewe," alisema. "Mimi nina goti."

Walishuka wawili hadi ukingoni mwa ziwa. Maji yalikuwa yameshaganda, na mabua makavu yalijitokeza juu ya barafu. Rayna aliiweka sahani chini ya mti wa mwerezi ambapo Babu alizoea kufunga mtumbwi. Mvuke ulipanda ukapotea. Kisha Rayna akaanza kulia.

"Mjomba atanikasirikia mpaka lini?"

"Leroy? Amekata kuni kwa hasira, ndiyo maana ziliwaka vizuri." Bibi alimfuta machozi kwa pembe ya shali. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ule mchele wa dukani hauna kosa. Kuna watu wameulima, na utatulisha kesho. Kosa lilikuwa kuupa jina lako wakati kazi yako haimo. Tena ulitaka kumpa Babu yako jina hilo."

Rayna aliinamisha kichwa.

"Ile punje iliyobonyea ilikuwa inakuomba dakika kumi. Dakika kumi tu za kukoroga. Hukutoa, na badala yake umelipa siku nne za kutokula na kumkimbiza mbwa kwenye theluji bila koti. Ndiyo, niliona dirishani, sikuelewa. Mtu akikosea, kazi bado inamsubiri pale pale alipoiacha. Uongo hauifanyi kazi hiyo, unaichelewesha tu. Ungeniambia Jumatatu, tungekaanga Jumatatu, na Mzee Wendell angekuwa ameshalala usingizi wa shibe saa hizi."

"Niliogopa, Bibi."

"Najua. Leo pia uliogopa, nami nilikuwa nimeshashika kitasa. Ungeweza kuniacha nitoke. Hilo nitalikumbuka kuliko maboga."

Waliporudi, meza ilikuwa imeandaliwa upya. Wazee walianza. Mzee Wendell alikula vijiko vyake vitatu akiwa amefumba macho, kisha akalifuta boga kwa mkate mpaka likabaki ngozi tupu. Alilitaja jina la Rayna mara moja, kamili, na jina la Babu Eugene baada yake.

Rayna alikula mwisho, kama inavyotakiwa. Boga lake lilikuwa na kijiko kimoja, kwa sababu viwili alimwekea Jolie. Aliutafuna polepole. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kumaliza chakula chake.

Mjomba Leroy alimsogelea na bakuli la viazi, akamjazia sahani bila kumuuliza.

"Vile vijiti vyako vya mwerezi," alisema, "vimeshakuwa vifupi kwako. Umerefuka. Kabla ya Agosti tuchonge vingine."

Rayna aliinua uso. "Vya kukaa mbele?"

"Kwani nyuma utasukuma wewe?" Mjomba aliketi kando yake, akachukua uma. "Lakini kwenye karai nitauliza, na safari hii nitaleta na Mzee Wendell."